Nilivyomlisha mtoto wa mbwa aliyekuwa akiharisha

Simba aliletwa nyumbani kwetu Tororo, Uganda, akiwa na umri wa wiki 8, ndani ya boksi lililofungwa nyuma ya bodaboda, na kufikia usiku wa siku ya pili alikuwa akiharisha karibu kila saa. Kosa lilikuwa langu. Alikotoka alikuwa amezoea uji mzito wa mahindi uliochanganywa na mchuzi wa nyama, lakini mimi, kwa kutaka anenepe upesi, nilimwekea maziwa ya ng'ombe asubuhi na jioni, na mchana nikampa posho (ugali) yenye mukene, yaani dagaa. Nilibadilisha chakula chake chote kwa siku moja, na tumbo changa halikuweza kustahimili.

Mzee jirani yetu, ambaye amefuga mbwa wa ulinzi tangu ujana wake, alikuja kumtazama. Alimvuta ngozi ya shingoni taratibu na kuiachia, akanionyesha kwamba ilirudi mahali pake mara moja, kisha akamfunua mdomo ili nione ufizi wake bado ni mwekundu kidogo na umelowa. Hapo nilijua kwamba hajapungukiwa sana na maji. Kisha akaniambia, “Mwanangu, usimpe chochote hadi kesho jioni, tumbo lipate kupumzika.” Nilimshukuru kwa heshima, kwa maana hayo ndiyo aliyoyafanya miaka yote kwa mbwa wazima na yakafaa, lakini nilipomtazama yule kiumbe mdogo wa kilo 2 na nusu akitetemeka kwenye gunia, moyo wangu ulikataa kumlaza njaa.

Kulipokucha nilimpeleka kwa daktari wa mifugo, nikiwa nimechukua pia kinyesi chake ndani ya kikopo kisafi chenye kifuniko. Daktari alitaka kujua kwanza kama ametapika, kama kuna damu, kama bado anacheza, na kama amechanjwa. Hakuwa amechanjwa. Kwa sababu hiyo alimpima ugonjwa wa pavo, ambao huwashambulia watoto wa mbwa wasio na chanjo kwa kutapika na kuharisha damu yenye harufu kali, na ambao unaweza kuua ndani ya siku chache. Dakika zile za kusubiri jibu zilikuwa ndefu kwangu. Hakuwa nao. Kwenye hadubini, hata hivyo, yalionekana mayai ya minyoo mviringo, minyoo ambayo mtoto wa mbwa huweza kuipata kutoka kwa mama yake tangu tumboni na baadaye kwenye maziwa. Alipewa dawa kulingana na uzito wake, nikaagizwa nimrudishe baada ya wiki 2 kwa dozi nyingine, na nihakikishe watoto wangu wananawa mikono kila wanapomshika, maana minyoo hiyo humpata binadamu pia.

Kuhusu chakula, daktari alinieleza jambo ambalo sikulijua: mtoto wa mbwa wa umri ule hana akiba ya kutosha mwilini, na akikaa na njaa muda mrefu sukari ya damu hushuka, akalegea na hata kupata degedege. Kwa hiyo hakupaswa kunyimwa chakula, bali kupewa kidogo kidogo. Maziwa ya ng'ombe niliyaacha siku hiyohiyo. Yana sukari nyingi ya maziwa kuliko ya mbwa, huku mafuta na protini zake zikiwa chache, na sukari hiyo isipomeng'enywa huvuta maji ndani ya utumbo na kuzidisha kuharisha.

Nilichemsha kifua cha kuku bila ngozi, bila chumvi, bila kitunguu na bila mafuta, nikakichambua kuwa nyuzi ndogo, na pembeni nikapika mchele kwa maji mengi hadi ukalainika kabisa. Nilichanganya sehemu moja ya kuku na sehemu mbili za wali, nikampa vijiko viwili vya chakula kila baada ya saa tatu tangu alfajiri hadi usiku, kikiwa na uvuguvugu tu. Maji yaliyochemshwa na kupozwa yalikuwa mbele yake wakati wote. Dawa za binadamu za kuzuia kuharisha sikumpa hata moja, na ningemwomba kila mfugaji asithubutu kufanya hivyo bila daktari. Siku ya pili kinyesi kilianza kushikana. Siku ya tatu aliinuka mwenyewe na kuuma kamba ya kiatu changu, na binti yangu akapiga vigelegele.

Wali na kuku hauna madini ya kutosha kwa mifupa inayokua, kwa hiyo sikuendelea nao. Kwa muda wa siku 7 nilianza kumchanganyia chakula kikavu cha watoto wa mbwa kilicholowekwa kwa maji ya uvuguvugu: robo yake siku mbili, nusu siku mbili, robo tatu siku mbili, kisha chote. Siku ya nne niliharakisha, nikaongeza kupita kipimo, na kinyesi kikalainika tena. Nikarudi nyuma hatua moja na kutulia hapo hadi kikawa sawa.

Wiki 2 baadaye alipimwa akiwa na zaidi ya kilo 3, akapewa dozi ya pili ya dawa ya minyoo na chanjo yake ya kwanza. Mukene nimeanza kumrudishia taratibu, kijiko kimoja kwa siku, lakini kwanza naupepeta na kuuosha kwa maji matatu, kwa kuwa mwingi unaouzwa sokoni kwetu huanikwa juu ya mchanga, na mchanga huo nilikuwa nimeukuta kwenye kinyesi chake ile siku ya kwanza.