Akiki yangu ya bluu, na ile ilochuja kwenye gauni

Jamani mi nilinunua bangili ya shanga za bluu kali, bluu hasa kama dawa ya kalamu, muuzaji kaapa mpaka kwa mama yake kwamba ni jiwe la akiki orijino, nikavaa harusini na gauni jeupe, joto, jasho, ngoma, nikirudi home mkono wa gauni una bluu. Nikampelekea sonara mmoja mzee, hakusema neno, akachovya pamba kwenye ile asetoni ya kutolea rangi ya kucha, akasugua shanga moja, pamba ikawa bluu. Akacheka huyo! Akaniambia mwanangu, akiki hii ni ya kweli ila imepikwa rangi, maana jiwe hili lina vitundu vidogo mno linakunywa rangi.

Ile isiyotiwa kitu ni tofauti kabisa. Nina pete yake sasa, bluu yake ya mbali sana, kama maji ya mwisho ya kufulia kanzu yaliyotiwa buluu kidogo, na mistari myeupe miembamba imepinda pinda kama lesi. Yenye sifa zaidi ilitoka shamba la Ysterputs, kusini mwa Namibia. Ni jamii ya kwazi tu, yale madini meupe ya mchanga, maji yenye silika (kitu hicho hicho kinachounda kwazi) yanapita kwenye nyufa za mwamba, yanaacha tabaka juu ya tabaka, ndo mistari hiyo.

Ugumu wake ni 6.5 mpaka 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe cha moja mpaka kumi, kwa hiyo inakwaruza kioo, na ukiichanganya na lulu kwenye kijaluba kimoja lulu ndo zitakazoumia. Mi naosha kwa maji vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini wa mtoto, basi. Siianiki dirishani.

Huku pwani akiki tunayoijua ni ile nyekundu ya wazee, pete ya fedha, na kuna hadithi kwamba pete ya Mtume ilikuwa ya fedha na jiwe lake la Kihabeshi. Hii ya bluu mambo yake ni ya juzi juzi, watu wanaoamini mawe yana nguvu wanasema inatuliza moyo na kumfungua koo mtu mwenye aibu asiyeweza kusema. Mi koo langu halijawahi kufungwa, muulizeni mume wangu 😂

Ile bangili ninayo bado, imepauka mabaka mabaka, mtoto wa dada anamvalisha mwanasesere wake shingoni.