Dira, kitochi na Meku: tulivyoyatafuta maji yaliyopotea Old Moshi

Semina ilifanyika hotelini Moshi mjini, siku tatu, chai na sambusa za uhakika. Tukafundishwa kishkwambi, ramani na grafu. Siku ya mwisho kila mtu akapewa cheti, na kila chombo cha watumia maji, yaani jumuiya inayoendesha mradi wa maji kijijini, kikapewa kishkwambi kimoja. Chetu kilikaa kabatini miezi minne. Simlaumu aliyetufundisha, kazi yake anaijua. Ila tulirudi nyumbani tukijua mahali pa kubonyeza, bila swali lolote la kukiuliza kile kifaa.

Mimi ni mhasibu wa chombo cha watumia maji huku Old Moshi, miteremkoni mwa Kilimanjaro. Maji yetu ni ya mserereko: yanatoka chemchemi juu karibu na msitu, yanaingia tangini, yanateremka yenyewe mpaka vihambani, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba zetu. Hakuna pampu wala bili ya umeme, ndiyo maana kwa miaka mingi hakuna aliyeona sababu ya kuyapima. Tangu sheria ya mwaka 2019 vyombo kama chetu vinasimamiwa na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na taarifa ya mwezi inatakiwa iwe na namba. Hapo ndipo nilipobanwa. Dira kuu, yaani mita ya maji ya pale tangini, ilionyesha uniti 9,300 zimetoka mwezi ule, na uniti moja ni lita 1,000. Bili nilizochapa zilikuwa za uniti 3,900. Mwenyekiti alinitazama kana kwamba zilizobaki nimezificha kwenye pochi.

Nilianza kuwashuku wasomaji wa dira, na sikukosea sana. Dira ina tarakimu nyeusi na nyekundu. Nyeusi ndizo uniti, nyekundu ni lita. Kijana mmoja alikuwa akiandika zote mfululizo, hadi mjane mmoja mwenye bomba moja uani akaletewa bili ya kununulia ng'ombe. Mwingine, mvua ikinyesha, alikadiria akiwa kibarazani. Nikakitoa kishkwambi kabatini, nikatengeneza fomu fupi kwenye KoboCollect, programu ya bure inayojazwa hata pasipo mtandao na kutuma ukishafika penye mtandao. Maswali manne tu: namba ya mteja, tarakimu nyeusi, picha ya dira, mahali ulipo. Ile picha ndiyo iliyomaliza ubishi. Mteja akilalamika namwonyesha dira yake mwenyewe.

Mahali palitusumbua. Chini ya migomba simu inahangaika kupata setilaiti, ikakuweka kwa jirani. Tukakubaliana hakuna kuhifadhi mpaka kosa la mahali linaloonyeshwa kwenye fomu lishuke chini ya mita 5, hata kama ni kusimama dakika tatu ukiumwa na siafu.

Usomaji ulinyooka, lakini pengo likabaki karibu lilelile.

Basi nikamwendea Meku. Ndivyo tunavyomwita fundi wetu wa zamani, mzee ambaye bomba zote ziko kichwani mwake. Simu yake ni kitochi. Semina hakualikwa, kwa sababu fomu ilitaka mtu wa kidato cha nne. Nikamwamkia, nikamweleza kitu kimoja nilichokishika kule hotelini: soma dira kuu usiku, watu wamelala, uone kinachopita. Akacheka. "Mwanangu, usiku bomba linasema. Mimi huwa naliwekea sikio."

Tukapanda tangini na tochi na chupa ya chai. Saa saba usiku tukasoma, saa kumi alfajiri tukasoma tena. Zimepita uniti 24, yaani 8 kila saa, kijiji kizima kimelala. Ukizidisha kwa siku nzima unapata 192, ingawa si sawa kabisa kuzidisha hivyo: usiku watu hawachoti, presha hupanda, na tundu humwaga zaidi kuliko mchana. Yapo pia matangi ya nyumbani yanayojaa taratibu. Lakini hata ukipunguza, ni mto.

Usiku wa pili tukafanya kazi yenyewe. Matawi yako matano. Meku anateremka, anafunga valvu ya tawi moja, ananitumia meseji kwa kitochi chake: "Moja imefungwa." Mimi niko juu, nakitazama kile kigurudumu chekundu kinachozunguka ndani ya dira, nasubiri robo saa, naandika. La kwanza, bado. La pili, bado. La tatu likapunguza kidogo. La nne lilipofungwa kigurudumu kikalegea kama mtu aliyechoka. Kutoka 8 tukashuka mpaka 2 na kitu. Nilipiga kelele peke yangu kule msituni, na sioni aibu kulisema.

Asubuhi tukaifuata ramani yetu mpya. Tawi la nne linaishia shuleni. Meku akasimama kabla ya kufika, akageukia kihamba cha watu. "Hapa palikuwa na njia ya mashine ya kumenya kahawa." Mashine ilishakufa zamani. Ramani haikuijua kwa sababu tuliichora kwa kufuata dira, na bomba lisilo na mteja halina dira. Tukachimba penye mbolea, tukakuta bomba la inchi moja na nusu limekatika, linamwaga moja kwa moja ndani ya mfongo, mfereji wetu wa asili wa kumwagilia. Kimya, hakuna tope wala dimbwi la kumshtua mpita njia.

Tuliliziba siku ileile. Mwezi uliofuata dira kuu ilisoma 5,200 na bili zikawa 4,100. Watu wa chini, waliokuwa wakipata maji siku mbili kwa wiki, sasa hukosa siku moja.

Wiki haijaisha akaja bibi mmoja ofisini, mkongojo mkononi. "Mwanangu, mfongo umekauka. Ndizi zangu zitakula nini?" Nilimweleza kuwa alikuwa akimwagilia maji ya bomba. Akanijibu kwamba yeye hajaiba, maji yalikuja yenyewe. Kweli hakuiba.

Kamati ya mfongo ikataka sasa na wao wapimiwe maji yao, wagawane zamu bila ugomvi. Dira ya bomba haifai mferejini, kwa hiyo nikamwonyesha Meku mchoro wa ubao wenye mkato wa V wa pembe mraba, unaokinga mfereji ili maji yote yapite kwenye mkato. Maji yakipanda sentimita 10 juu ya ncha ya mkato, zinapita lita 4 na ushee kwa sekunde. Yakipanda sentimita 20, zinapita karibu 25.

"Kina mara mbili, maji zaidi ya mara tano? Nani kakudanganya?"

Nikachora V mbili vumbini, ndogo ndani ya kubwa, nikamwambia pia maji ya kina huenda kasi zaidi. Akazitazama muda mrefu. Halafu akauliza ubao wa mti wa mruka utafaa, au autafute mgumu zaidi.