Nilivyopata watu wa kuongea nao Kiingereza na Kichina nikiwa Kariakoo

Nauza mikoba na pochi za kike Kariakoo, na mzigo wangu mwingi unatoka Guangzhou, China, kupitia kwa ajenti. Kiingereza nilikiacha kidato cha nne. Kichina sikuwa nacho kabisa. Nikitaka kuuliza rangi au kamba ya mkoba kule kiwandani, lazima nipitie kwa ajenti, na kwa ajenti hata swali lina bei yake. Ndipo nikaamua kutafuta mtu wa kubadilishana naye lugha: anipe yake, nimpe yangu, hela isiguswe.

Nilianzia kwenye simu, kama wengi. Programu za kukutanisha watu wanaojifunza lugha zipo nyingi. Kwa mwanamke niseme ukweli, ukiweka picha yako meseji nyingi hazihusu lugha. Niliitoa yangu nikaweka ya mkoba, wakapungua. Waliobaki walikuwa na tatizo jingine: mtu aliyekaa kwao Uingereza hana haraka na Kiswahili. Anachati siku mbili tatu, anapotea, wewe unabaki kubembeleza. Nikaona swali langu ndilo lenye kasoro. Badala ya kutafuta nani anajua Kiingereza, nitafute nani anakihitaji Kiswahili leo, hapa mjini, ili mambo yake yaende.

Ukiuliza hivyo, Kariakoo inakujibu yenyewe. Wafanyabiashara wa Zambia na Malawi wanakuja kufunga mzigo hapa, na wao wanaongea Kiingereza kutwa nzima. Kuna mama mmoja wa Lusaka alikuwa mteja wangu wa kununua na kuondoka. Nikamwambia, mama, ukija nitakuzungusha madukani nikusaidie kupatana bei, lakini tukiwa njiani tunaongea Kiingereza tu, na nikikosea unanisahihisha. Alikubali kabla sijamaliza, maana alishachoka kutajiwa bei ya mgeni. Tunapita Mtaa wa Kongo tukikwepa mikokoteni, mimi najikongoja na sentensi zangu, yeye anadaka kosa anasema tena kwa usahihi, tunaendelea. Akirudi kwao tunatumiana sauti WhatsApp. Wapo wanaoniambia hicho siyo Kiingereza cha Waingereza. Sawa, lakini wateja wangu wanatoka Lusaka na Blantyre, na hao tunaelewana.

Kichina kilikuwa kigumu zaidi kukipata, ingawa Wachina wa Kariakoo ni wengi. Wenye maduka wana shughuli zao, na Kiswahili cha biashara wanakiokota kwa vijana wao wa dukani. Nilichokuwa sikijui ni kwamba wapo Wachina wanaokisomea Kiswahili chuoni. Vyuo vya Beijing vilianza kukifundisha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadhi ya wanafunzi wao huja huku kukinoa. Mteja wangu mmoja alikuwa anasoma Kichina Taasisi ya Confucius pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo tangu 2013. Nilimwomba anipitishie ujumbe wa sauti: natafuta dada wa Kichina anayetaka Kiswahili cha sokoni. Hilo neno sokoni ndilo lililoleta mtu.

Binti mwenyewe Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Aliingia dukani akauliza, "Je, mkoba huu unauzwa kwa bei gani?" Kijana wangu akamwangalia kama mtangazaji wa redio. Kazi yangu ikawa kumlegeza: "Dada, huu bei gani? Nipunguzie basi." Tulikubaliana nusu saa Kiswahili, nusu saa Kichina, simu ikilia tunabadilisha hata kama stori imenoga. Bila kengele lugha yenye nguvu inaimeza nyingine, na kati yetu ingekuwa Kiswahili kila siku.

Somo la kwanza alilonipa halikuhitaji daftari. Wachina huhesabu mpaka kumi kwa mkono mmoja. Sita unatoa kidole gumba na kidole cha mwisho, nane ni gumba na cha shahada. Alikaa kwenye stuli akinionyesha mkono, mimi nataja namba, nikikosea anauacha mkono juu mpaka nipatie. Kichina kina toni nne, yaani sauti ikipanda au kushuka neno linabadilika maana, na hapo ndipo niliteseka. Dawa ilikuwa kurekodi: anatuma sentensi, narudia, anairudisha ile niliyoharibu. Yeye ndiye aliyenithibitisha pia WeChat, programu ya Wachina ya kuchati, maana mara nyingi ukijisajili mpya wanataka mtu mwenye akaunti akuskani.

Sasa amerudi kwao. China wako mbele yetu saa tano, kwa hiyo nikisubiri nifunge duka yeye ameshalala. Tunaongea saa moja asubuhi yangu kabla sijafungua, kwake ni saa sita mchana, anakula. Na kiwandani naongea mwenyewe kuhusu idadi, rangi na tarehe ya kutoa mzigo. Bei kubwa bado namwachia ajenti.

Herufi zao ndizo zimenishinda kujifunza kwa njia hii. Rafiki anakupa mdomo na sikio, lakini kukaa akusimamie mstari kwa mstari ni kumchosha bure. Hapo nimetafuta mwalimu, namlipa.