Siku yangu katika hesabu za maji ya mto

Saa 1:30 asubuhi ninafungua vipimo vya usiku. Kazi yangu ni kutengeneza modeli ya bonde la mto: nani anachepusha maji, wapi, kiasi gani, na kati ya hicho ni kiasi gani ambacho mto hautakipata tena. Leo kuna jambo. Kituo cha chini kinaonyesha maji mengi kuliko kituo kilicho juu yake, na katikati hakuna kijito kinachoingia. Mvua nayo haijanyesha siku nyingi.

Shaka ya kwanza huangukia kituo chenyewe. Vituo vingi hupima kina tu. Kina ndicho kinachogeuzwa kuwa mita za ujazo kwa sekunde kwa kufuata mchoro uliotokana na watu walioingia mtoni kupima kasi ya maji, yakiwa mengi na yakiwa machache. Mafuriko yakihamisha mchanga, mchoro huo haufai tena. Lakini mchanga ukihama, kipimo huruka ghafla. Hiki kimepanda taratibu.

Saa 3 nampigia simu mzee anayelinda lango la banio, yaani kizuizi cha mtoni kinachoelekeza maji mferejini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unaulizia lango? Lilifunguliwa tangu mahindi yalipofika magotini, hatujaligusa."

"Na mtaro wa kutolea maji, kule mwisho wa mashamba?"

"Umejaa. Hata pale ukingoni pa mto, chini ya miti, maji yanabubujika."

Basi. Ni maji ya umwagiliaji yanarudi mtoni, mengine kwa mtaro, mengine yakipenya ardhini.

Saa 4 hadi saa 7 ndiyo saa ninazozipenda kuliko zote. Chukua mfereji unaochepusha lita 500 kwa sekunde. Kwa siku ni mita za ujazo 43,200. Mfereji huo unamwagilia hekta 300 za mahindi yaliyokomaa majani. Hali ya hewa ikiwa na uwezo wa kunyonya milimita 5 kwa siku kutoka kwenye nyasi fupi zilizonyweshwa vizuri, mahindi ya umri huo, kwa kizidisho cha 1.2 kilichomo katika mwongozo wa 1998 wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, hutumia milimita 6. Milimita moja juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10, kwa hiyo mazao yanakula 18,000. Zinabaki 25,200. Sehemu yake itapaa kutoka mferejini, sehemu itanywewa na magugu ya kingoni, na nyingi itarudi mtoni, lakini kwa ratiba yake: ya mtaroni kwa saa au siku, ya ardhini kwa wiki, hata miezi. Ukifunga lango leo kwa ajili ya walio chini, sehemu ya maji unayowapa kwa mkono mmoja unaanza kuwanyang'anya kwa mwingine, polepole.

Mchana nalinganisha hesabu hizo na picha za satelaiti. Landsat 8 na 9 kwa pamoja hupita mahali pamoja kila baada ya siku 8, na joto la uso wa shamba huonyesha panapotoa mvuke mwingi, kwa kuwa shamba lenye maji huwa baridi kuliko lililokauka. Mawingu yakitanda, picha haifai.

Saa 9 naipima modeli kwa kipimo cha Nash na Sutcliffe cha 1970, kinacholinganisha mtiririko wa modeli na ule uliopimwa mtoni. Alama 1 ni ukamilifu. 0 maana yake wastani wa vipimo peke yake ungekisia vizuri sawa na modeli. Hapa nina msimamo mkali. Alama hiyo huvutwa na mafuriko, na modeli inaweza kupata 0.8 huku ikikosea kabisa kiangazi, wakati watu wanapogombania maji. Ndiyo maana naipima upya kwa logi (logarithimu) za mtiririko, ambazo huyapa maji machache uzito zaidi, na alama hiyo ya pili ndiyo ninayoiamini.

Saa 10 naendesha swali lililoletwa na mamlaka ya bonde: tukisakafia mifereji kwa zege, mto utapata kiasi gani? Naliendesha kwa njia mbili. Lango likipunguzwa kwa kiasi kilichookolewa na eneo likabaki hekta zilezile, sehemu ya mto iliyo karibu chini ya banio inanufaika sana. Kituo cha chini kinapata nyongeza ndogo tu, kwa sababu maji yaliyokuwa yakivuja yalikuwa yakikifikia. Lango likiachwa lilivyo na wakulima wakaongeza mashamba kwa maji "yaliyookolewa", kituo cha chini kinapungukiwa kuliko sasa. Zege lilelile, matokeo kinyume.

Saa 12 jioni naandika ukurasa wa kwanza wa ripoti. Nimeyaweka majedwali ya njia zote mbili hapo, sikuyapeleka kwenye viambatisho, na chini yake pendekezo moja: kibali cha maji kitaje kiasi kinachoruhusiwa kutumika bila kurudi, pamoja na ukubwa wa shamba, badala ya lita za langoni peke yake.