Nilivyofundisha Kihispania kwa michezo ambayo watoto wa Mwanza wanaijua

Kihispania nilijifunza kwa ajili ya kazi ya kuongoza watalii wanaoingia Serengeti kupitia lango la Ndabaka, na sikuwa na wazo la kukifundisha. Shule moja ya msingi hapa Ilemela iliponiomba nianzishe klabu ya lugha kwa watoto wa darasa la tatu hadi la tano, baadhi ya wazazi waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, lugha hiyo itawafaa nini watoto ambao Kiingereza chenyewe bado kinawatoa jasho. Niliwaeleza kwamba Kihispania ni lugha rasmi katika nchi zipatazo 20, mojawapo ikiwa Guinea ya Ikweta katika bara letu, na kwamba ni miongoni mwa lugha rasmi za Umoja wa Afrika, sawa na Kiswahili. Wazazi waliridhika. Watoto hawakujali hata kidogo, kwa sababu mtoto aliyekaa kwenye dawati tangu asubuhi, ikifika saa tisa alasiri anataka kucheza.

Basi tulicheza, lakini kwa kanuni moja ambayo sikuilegeza: mchezo ambao mtoto anaweza kushinda huku amefunga mdomo haufai kufundishia lugha, hata uwe wa kufurahisha namna gani. Ndiyo maana kuchora na kupaka rangi, ambako vitabu vingi vya watoto hukupenda, kulipata nafasi ndogo sana kwangu. Pia nilichagua kuanza na michezo ambayo tayari wanaicheza mtaani, ili muda wetu mfupi usiishie kwenye kueleza sheria.

Wa kwanza ulikuwa nyama nyama. Kila mtoto wa hapa anaujua: kiongozi hutaja mnyama, wenzake huruka na kuitikia ikiwa analiwa, na anayeruka kwa kitu kisicholiwa hutolewa. Sisi tulibadilisha maneno tu. Kiongozi akitaja “la vaca”, “la cabra” au “el pollo”, yaani ng’ombe, mbuzi au kuku, wote huruka na kupaza sauti “¡se come!”, maana yake kinaliwa; akitaja “la mesa”, ambayo ni meza, kila mtu hutulia. Mtoto asiyejua neno hujulikana mara moja, kwa kuwa huruka baada ya wenzake. Siku moja kiongozi alitaja “el cocodrilo” na mtoto mmoja anayetoka Igombe akaruka peke yake. Nilipomtoa alikataa kuondoka, akasema, “Mwalimu, mamba anatula sisi, kwa nini na sisi tusimle?” Darasa zima lilimuunga mkono, nikamrudisha. Tangu siku hiyo hakuna hata mmoja anayesahau neno hilo.

Amri za mwili zilichukua muda mfupi zaidi. Mwanasaikolojia wa Marekani James Asher alianza miaka ya 1960 kueneza njia ya kufundisha lugha kwa amri ambazo mwanafunzi huzitekeleza kabla hajatakiwa kuzisema, na “Simón dice”, yaani Simoni anasema, mchezo ambao amri hutiiwa pale tu inapotanguliwa na maneno hayo, unaingia vizuri katika njia hiyo. Nilichoongeza ni kwamba anayekosea hakai pembeni bali anakuwa mtoa amri, jambo linalomlazimu kufungua mdomo.

Matamshi yalinipa kazi ndogo kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa irabu tano za Kihispania zinakaribiana sana na zetu na watoto walisoma maneno marefu bila kusita. Kilichohitaji mchezo wa peke yake ni ile “rr” ya kutetemesha ulimi, hasa kwa wale ambao nyumbani kwao r na l hubadilishana nafasi. Tulijipanga kwa mistari kama mitumbwi inayoondoka mwaloni, yaani kituo cha wavuvi ziwani, kila mstari ukinguruma “rrr” kama injini, na mtumbwi haukuruhusiwa kusogea mpaka wa mbele atamke “perro”, mbwa, au “carro”, gari, kwa usahihi. Mwalimu wa chumba cha jirani alilalamika, tukahamia chini ya mwembe.

Mchezo ninaoupenda zaidi ni wa kuvua. Nilikata samaki na mashua kwa karatasi za manila zenye rangi, nikavibana kwa vibanio vya chuma, na ndoano ikawa kipande cha sumaku kutoka spika ya redio mbovu. Anayenasa kitu hukichukua tu akikitaja pamoja na rangi yake: “un pez rojo”, lakini “una barca roja”. Sifa kufuata jina na kubadilika kulingana nalo hakukumshangaza mtoto yeyote, kwani ndivyo anavyosema samaki mwekundu na mashua nyekundu. Kilichonishangaza mimi ni ujanja wao. Waligundua kwamba “verde” na “azul” hazibadiliki katika umoja, iwe samaki au mashua, wakawa wanavua vya kijani na vya buluu tu huku vyekundu vikibaki sakafuni. Sasa naweka rangi upande wa chini, na mvuvi haoni alichonasa mpaka akiinue.

Kutoka Meksiko nilichukua “lotería”, mchezo wa bahati wenye kadi 54 za picha na vibao vya picha 16 kila kimoja. Vibao tulivitengeneza kwa maboksi ya sabuni, tukaweka tikitimaji, mwezi, jogoo na chura kama wenyewe wanavyofanya, tukaongeza mashua na dagaa, na alama zetu zikawa punje za mahindi. Kule msomaji wa kadi hutaja picha kwa vijimaneno vya utani, nami nilidai vivyo hivyo: si “la luna” peke yake, bali sentensi fupi inayoieleza, kama “sale de noche”, hutoka usiku. Watoto wa darasa la tano hugombea kazi hiyo kuliko kugombea ushindi. Mimi huketi miongoni mwa wachezaji na kibao changu, na nikichelewa kuweka punje hawanisubiri.