Kitabu cha binti yangu kilipofika Wete

Mama alikuwa anachakura sanduku letu akitafuta sabuni zake, mara akatoa kitabu cha binti yangu. Jalada la waridi, wasichana wawili wameshikana mikono. Akakigeuza huku na huku.

"Mashoga hawa?"

Binti yangu ana miaka 15, na Kiswahili chake ni cha Leicester na cha simu. Alibaki mdomo wazi. Hajui kwamba kwa bibi yake shoga ni yule mwenzake waliyesukana nywele tangu utotoni. "Ndiyo, Bibi," akajibu, sauti imemkauka. Mama akaridhika, akakiweka dirishani, akaendelea na sabuni. Mie nikatoka uani kugeuza karafuu ambazo nilikuwa nimetoka kuzigeuza.

Kitabu hicho niliazimisha mwenyewe. Kazi yangu Uingereza ni maktaba ya shule ya sekondari, muhuri niligonga kwa mkono wangu. Sikukipenda, nasema kweli, na si kwa ajili ya hao wasichana: kimeandikwa kama tangazo la biashara. Lakini kuingia nacho Pemba ni jambo jingine. Zanzibar ilikaza sheria ya adhabu juu ya mapenzi ya jinsia moja mwaka 2004, ikawagusa na wanawake. Na Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Muungano ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa hoja ya maadili. Najua, elimu ya shule kwetu si ya Muungano. Ukiwa kwenye foleni ya boti bandarini Malindi, Unguja, na sanduku mkononi hukumbuki Katiba.

Huku nyumbani watu hudhani Wazungu walizaliwa wamekubaliana juu ya haya. Wapi! England yenyewe, kuanzia 1988 mpaka 2003, ilikuwa na sheria ya kuzizuia halmashauri zisiutangaze ushoga. Marekani nako, mwaka 2011, Rachel Manija Brown na Sherwood Smith walieleza kwamba wakala mmoja wa vitabu aliwataka wamgeuze kijana mmoja wa riwaya yao, anayependa wavulana, awe anapenda wasichana, au waondoe sura anazosimulia yeye na kila dokezo la mapenzi yake hayo. Upande wa wakala ukakanusha. Wao hawakumgusa kijana wao, na riwaya ikatoka 2014.

Miaka ikapita, upepo ukageuka. Sasa wasomaji wanauliza mwandishi mwenyewe ni nani hata aandike habari hizi. Becky Albertalli, mwandishi wa Marekani, aliandika juu ya kijana wa kiume anayependa wavulana. Akasakamwa miaka kwamba ni mwanamke wa kawaida tu anayekula kwa hadithi za wenziwe. Agosti 2020 akasema hadharani kwamba naye anapenda wanawake na wanaume, na kwamba hakuwa tayari kulisema.

Habari hii niliisoma kwenye basi, nikamkumbuka mama. Yeye atakwambia jambo hilo ni haramu, halafu hapo hapo atakwambia kumvua mtu stara yake ni haramu pia, na hili la pili atalisema kwa ukali zaidi. Wale waliomsakama mwandishi walijiona watetezi wa watu kama yeye. Kwetu tungewaita wambea.

Siku ya tatu mpwa wangu anayesoma Kiingereza alikichukua kitabu dirishani, akakaa nacho barazani kutwa nzima. Sijui alimwambia nini mama. Usiku nilikikuta kimevikwa gazeti, kona zimekunjwa na kubanwa vizuri, kama alivyokuwa akituvikia madaftari yetu ya shule.

"Vumbi," alisema mama, kabla sijauliza.

Asubuhi alikuwa anakuna nazi, binti yangu kakaa kizingitini na gazeti lake. Mama hakuinua uso kwenye mbuzi.

"Na wale mashoga, wamepatana?"

"Bado sijamaliza, Bibi."

"Haya. Soma. Na tui likichemka unambie."