Mwenye Kukimbia Ndiye wa Mwisho Kujua

Siku ya pili baada ya kupanda mlima Wanale kwa mbio, mapaja yangu yalikataa kukunjika. Nililazimika kushika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili ili nijishushe kitini polepole, na nilipoyatazama niliona yamevimba, ngozi imekaza na kung'aa. Nilipokwenda haja ndogo, mkojo ulitoka mweusimweusi kama chai iliyokolea isiyotiwa maziwa. Nilisimama pale nikiutazama kwa muda, kisha, kwa aibu ambayo hadi leo siielewi vizuri, nikaumwagia maji na kuondoka bila kumwambia mtu.

Nilikuwa nimepumzika karibu majuma matatu kwa sababu ya kusahihisha mitihani, kisha Jumapili moja nikajiunga na vijana waliokuwa wamezoea mlima. Barabara ile inapanda kutoka mjini Mbale kwa mwinamo mkali, na jua lilikuwa limekwisha kutoka. Nilipoanza kubaki nyuma, wenzangu wakanipigia kelele za upendo: "Jikaze, Mwalimu! Jikaze!" Nikajikaza. Tulipofika juu hatukukaa, tukateremka kwa kasi, nami nikadhani kwamba sehemu ngumu imekwisha. Kumbe kuteremka ndiko kunakoumiza misuli zaidi, kwa kuwa kila hatua msuli wa paja hulazimika kukaza ilhali unavutwa kurefuka, na nyuzi zake huchanika kwa wingi, hasa kwa mtu aliyetoka kupumzika.

Katika kliniki ya kwanza walinipima malaria, na sikuwa nayo. Nilisema nina maumivu ya misuli, wakanichoma sindano ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, wakaniruhusu niende. Siwalaumu sana, maana sikutaja mkojo, na huku kwetu mtu mwenye maumivu ya mwili mzima hudhaniwa kwanza kuwa ana malaria. Hata hivyo, nataka kila mkimbiaji wa Uganda aelewe kwa nini sindano ile ilikuwa hatari. Misuli inapovunjika kwa kiasi kikubwa, humwaga ndani ya damu protini yake iitwayo mayoglobini, na protini hiyo, ambayo ndiyo inayoupaka mkojo rangi ile, huziba na kuumiza vijifereji vya figo. Madaktari huita hali hiyo rabdomayolisisi. Wakati huohuo mwili uliopungukiwa na maji hupeleka damu kidogo kwenye figo, na dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni huzidi kuibana mishipa inayoingiza damu hiyo. Figo zangu zilikuwa zinapigwa pande mbili, na pigo la pili nililinunua mwenyewe kwa fedha zangu. Nawafahamu wakimbiaji wanaomeza vidonge hivyo kabla ya mbio ili wasisikie maumivu, kwa sababu vinauzwa katika kila duka la dawa bila swali lolote, na desturi hiyo inanitia hofu kuliko mlima wowote.

Aliyeniokoa ni jirani yangu, askari polisi mstaafu ambaye sote tunamwita Afande. Alinikuta nikiteremka ngazi mbili za mlangoni kinyumenyume, akauliza swali moja tu: "Mwalimu, mkojo una rangi gani?" Nilipomjibu hakungoja maelezo zaidi, alisimamisha bodaboda, akanipakia, akapanda nyuma yangu ili anishike. Hospitalini kijiti cha kupimia mkojo kilionyesha damu, lakini chini ya hadubini hawakuona chembe nyekundu hata moja, nao wakatambua mara moja kwamba iliyokuwamo haikuwa damu, bali ni mabaki ya misuli. Nililazwa siku nne, dripu ikifuatwa na dripu, muuguzi akipima kila tone la mkojo lililotoka. Figo zilipona. Kuna wanaofikishwa wakiwa wamechelewa, wakaishia kwenye mashine ya kusafisha damu.

Tangu wakati huo nimelifikiria sana neno "jikaze". Nilikuwa Kololo, mjini Kampala, tarehe 26 Machi 2017, siku ya mashindano ya dunia ya mbio za nyika, na sauti yangu ilikuwamo katika zile kelele. Joshua Cheptegei wetu aliingia katika mzunguko wa mwisho akiwa mbele peke yake, ameacha pengo kubwa, nasi tulikwisha kuanza kusherehekea. Kisha miguu yake ikaanza kuyumba kama ya mtu aliyelewa. Geoffrey Kamworor wa Kenya akampita na kushinda, wengine wakafuata, na Cheptegei, ambaye hakuacha, akamaliza wa 30. Sisi tuliokuwa tukitazama tulifanya nini? Tulipaza sauti zaidi tukimtaka asonge. Namshukuru Mungu kwamba alisimama tena. Mwezi Agosti mwaka huohuo alipata medali ya fedha ya mita 10,000 mjini London, na yaliyofuata kila Mganda anayajua. Lakini siku ile hakuna kati yetu aliyewaza kwamba tunaweza kuwa tunamhimiza mtu kuelekea kifo.

Kuyumba kwa namna hiyo, kwenye joto, kunaweza kuwa dalili ya kiharusi cha joto. Mwili unapopita nyuzi 40 ubongo nao huvurugika, na hapa ndipo penye jambo zito: ubongo huohuo unaovurugika ndio tunaoutegemea uamue kusimama. Mkimbiaji atakuambia yuko salama, atakasirika ukimgusa, na atakuwa anaamini kwa dhati anachosema. Katika maratoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Gold Coast mwaka 2018, ambamo Solomon Mutai wetu alipata medali ya fedha, Callum Hawkins wa Uskoti alikuwa akiongoza alipoanguka baada ya takriban kilomita 40; aliinuka, akajaribu tena kukimbia, akaanguka tena. Mtu wa namna hiyo apozwe palepale kwa maji baridi, mwili mzima, kwa beseni au jerikeni au chochote kilichopo, ndipo asafirishwe. Kumkimbiza hospitali akiwa bado anaungua ni kumpotezea dakika anazozihitaji.

Kumnywesha maji bila kipimo nako si tiba. Utafiti uliofanywa kwa wakimbiaji 488 wa maratoni ya Boston ya mwaka 2002 ulionyesha kwamba asilimia 13 kati yao walimaliza wakiwa na sodiamu (madini yaliyomo katika chumvi) iliyopungua katika damu, na wengi walikuwa wamekunywa mno. Anayetapika, kuumwa kichwa na kuvimba vidole baada ya saa nyingi za kukimbia na kunywa anaweza kuuawa na chupa nyingine unayompa kwa huruma.

Najua ni rahisi kwangu, mwenye mshahara wa ualimu, kusema mtu apumzike. Kijana wa Kapchorwa au Bukwo, wilaya zinakotoka wakimbiaji wetu wengi, anayekimbia huku familia nzima ikimtegemea ana sababu za kujikaza ambazo mimi sina, na binti anayeficha kwamba hedhi yake imekatika kwa miezi mingi, na kwamba mfupa wa muundi unamuuma hata usiku, anafanya hivyo ili asiondolewe kwenye timu. Ndiyo maana siwezi kuuacha mzigo huu mabegani mwao. Kocha, mzazi na mwenzake wa mazoezi ndio wenye akili iliyotulia wakati yeye hana, na idhini ya kumsimamisha ni lazima itolewe kabla mbio hazijaanza.

Mimi na Afande tulikwisha kupatana hivyo. Nilipokimbia kilomita 21 mjini Kampala, yeye alisimama chini ya mlima, baada ya kilomita ya 15, akiwa na jerikeni la maji. Nilipomfikia akaanza kutembea haraka kando yangu.

"Mwalimu, jana tulilala wapi?"

"Mbale," nikajibu, nikikereka kwamba ananichelewesha.

"Hapana. Tulilala Ntinda, kwa dada yangu."

Nilibishana naye. Nilimwambia amekosea yeye, na nilikuwa na uhakika kamili. Alikuwa amekwisha kunikalisha chini ya mwembe na kuanza kunimwagia maji kichwani.